Diski ya nje inagonga "tik, tik, tik" na ndani kuna sauti ya marehemu mama. Nianzie wapi?

#1 Tumbuizo
Habari wakuu. Nina diski ya nje ya TB 1, zile ndogo za inchi 2.5 zinazochota umeme kwenye USB bila adapta. Juzi usiku nilikuwa nahamisha picha, ikaganda. Nikachomoa, nikachomeka tena, ikaanza kugonga: tik, tik, tik, inanyamaza kidogo, tik, tik, tik tena, halafu inazima. Kompyuta inaionyesha kwa muda kisha inapotea.

Picha za miaka tisa zimo humo, hizo naweza kuzililia nikanyamaza. Kinachoninyima usingizi ni folda moja ya rekodi za mama yangu. Jioni alikuwa akiwasimulia wanangu hadithi, mimi naacha simu mezani inarekodi. Ukijumlisha zote zinafika kama saa 11 za kusikiliza. Ametutoka miaka miwili sasa na sina nakala nyingine.

Mtu mmoja kaniambia niifunge kwenye mfuko wa nailoni niilaze friza usiku kucha. Mwingine kasema nifungue mfuniko nisukume kichwa taratibu. Nimeshika bisibisi hapa. Nifanye lipi?

#2 Nusu_Baiti
Weka bisibisi chini. Chomoa diski sasa hivi, halafu ndiyo uendelee kusoma majibu.

#3 Fundi_Polepole
Pole sana kwa kumpoteza mama, kaka.

Humo ndani kuna sahani zinazozunguka, kwa diski ndogo kama yako mara nyingi ni mizunguko 5,400 kwa dakika. Kichwa cha kusomea kinaelea juu ya sahani bila kuigusa, umbali wa nanomita chache. Unywele wako mmoja ni mnene mara maelfu kuliko nafasi hiyo. Ukifungua mfuniko hapo mezani, chembe moja ya vumbi ikitua juu ya sahani inatosha kumaliza kila kitu.

Ile tik ni mkono unaobeba vichwa. Unatoka, unatafuta alama za mwongozo zilizoandikwa kwenye sahani, hauzioni, unarudi mwanzo, unajaribu tena. Mara nyingi maana yake kichwa kimoja au zaidi kimekufa. Ubaya ni kwamba kichwa kilichopinda kinachuna sahani kila ukiiwasha, na utando wa sumaku ukishachunika hakuna fundi wa kuurudisha. Ndiyo maana #2 kakwambia uchomoe.

Friza sahau. Ni dawa ya enzi za diski ambazo vichwa vilikuwa vinanata kwenye sahani. Ukiitoa kwenye baridi, unyevu wa hewa unaganda juu ya sahani kama jasho kwenye chupa ya maji baridi, kisha unawasha motor juu ya maji. Peleka maabara yenye chumba kisicho na vumbi.

#4 BintiKebo
Kaka Fundi, umekimbilia kichwa mapema mno. Diski isiyopata umeme wa kutosha nayo inagonga hivyohivyo: motor inaanza kuzunguka, umeme unashuka, vichwa vinarudi maegeshoni, inajaribu upya. Tundu la USB 2.0 kwa kanuni linatoa miliampea 500, la USB 3.0 ni 900, na diski ikianza kuzunguka ndipo inapokula umeme mwingi zaidi.

Yangu iligonga wiki nzima. Nilishaandika barua ya kuiaga. Kumbe ilikuwa kebo: nilipoikunja karibu na kichwa chake nikaona waya umechungulia. Nikabadilisha, ikawaka, na mpaka leo inafanya kazi.

Mleta uzi, umeichomeka wapi? Moja kwa moja kwenye kompyuta au kwenye kigawanyio cha USB? Kebo ni ileile iliyokuja nayo?

#5 JichoLaPaka
Mimi nasema fimwea. Mnakumbuka zile diski za Barracuda 7200.11 za Seagate, mwishoni mwa 2008 kuingia 2009? Watu walizika diski nzima kumbe tatizo ni programu ya ndani tu, ikarekebishwa na data zote zikarudi.

#6 MzeeTarakimu
@JichoLaPaka historia umeikumbuka vizuri, ila zile hazikuwa zinagonga. Zilizunguka kwa utulivu, kompyuta ndiyo haikuziona, au iliziona zina ukubwa wa sifuri. Hii ya mleta uzi inapiga kelele.

Lakini sikukatalii moja kwa moja. Sehemu kubwa ya fimwea ya diski imeandikwa kwenye sahani zenyewe, kwenye eneo la huduma ambalo mtumiaji halioni. Kichwa kisipoweza kusoma eneo hilo, diski haijitambui hata ukubwa wake, na itagonga. Kwa hiyo wewe na Fundi mnaweza kuwa mnaongelea ugonjwa mmoja, au miwili tofauti yenye dalili moja.

#7 Tumbuizo
Asanteni sana. Kwanza mimi ni dada, siyo kaka.

Nimeichomoa. @BintiKebo, ilikuwa kwenye kigawanyio, pamoja na kipanya na printa. Kebo siyo ya mwanzo.

Jambo jingine ambalo sikulitaja: wiki iliyopita iliteleza mezani ikaanguka kwenye vigae. Baada ya hapo ilifanya kazi siku tano bila shida, nikaona imepona. Na juzi ilipoganda, Windows iliniuliza kama nataka kuikagua na kuirekebisha, nikabonyeza ndiyo. Ikafika asilimia 12 ikakwama.

#8 Nusu_Baiti
Dada, mpaka bandiko la saba ndiyo unatuambia ilianguka? Mgonjwa kaja na kikohozi, kumbe kagongwa na pikipiki.

#9 Fundi_Polepole
Samahani kwa kukuita kaka. Basi kwa kuanguka huko mimi nasimama pale pale: kichwa. Siku tano za kufanya kazi hazinishangazi. Kichwa kikishapata dosari kinaweza kuendelea kusoma huku kinazidi kuchoka.

#10 BintiKebo
Na mimi nasimama pale pale: kigawanyio chenye printa, kebo ya kuokota. Vyote viwili vipo mezani kwake, kichwa kilichopinda hakuna aliyekiona.

#11 Kisanduku
Niongezee kuhusu ule ukaguzi wa Windows. Watu wengi wanadhani unaangalia tu. Ukiuruhusu kurekebisha, unaandika: unapanga upya jedwali la mafaili (orodha ya kipi kiko wapi), na kipande kisicho na mwenyewe unakitupa kwenye folda iitwayo found.000 kwa majina ya FILE0000.CHK, FILE0001.CHK na kuendelea. Lengo lake ni jedwali liwe safi, hata kama faili lako litapotea njiani. Kwenye diski nzima iliyozimwa vibaya ni sawa. Kwenye diski inayokufa unailazimisha isome na kuandika wakati inakata roho.

Lilinikuta kwa folda ya kazi ya miezi minane. Nilipata vipande 2,300 vya .CHK, nikavifungua kimoja kimoja.

#12 mwanagenzi_07
Wajuzi, mimi najifunza. Kwa nini asiweke tu programu ya kurudisha mafaili kama PhotoRec aiache ifanye kazi usiku?

#13 MzeeTarakimu
Swali zuri. PhotoRec na mwenzake TestDisk, kazi ya Mfaransa Christophe Grenier, ni nzuri na za bure. Ila zinatibu ugonjwa mwingine. Umefuta kwa bahati mbaya, au umefomati kwa haraka, na diski yenyewe ni nzima: hapo ndipo mahali pake. PhotoRec haijali jedwali la mafaili. Inapitia diski sekta kwa sekta (vipande vidogo vya hifadhi) ikitafuta alama za mwanzo wa kila aina ya faili, kwa hiyo itakupa sauti bila majina, kitu kama f0482176.mp3. Fomati ya haraka inafuta jedwali tu na kuacha yaliyomo, lakini fomati kamili tangu Windows Vista inaandika sifuri diski nzima, na hapo hata Grenier hana cha kukusaidia.

Kwa diski inayokufa kanuni ni tofauti: kwanza unakili diski nzima, nzuri na mbovu, kwenda kwenye diski nyingine. Ukishapata nakala, ndiyo hiyo unayoihangaisha.

#14 Fundi_Polepole
Na ya kunakili ni GNU ddrescue, ndani ya Linux. Angalia jina vizuri, kuna dd_rescue ambayo ni programu nyingine kabisa. Mimi huanza hivi:

ddrescue -n /dev/sdb mama.img mama.map

Inachukua kwanza maeneo yanayosomeka kirahisi. Ikikuta pabaya inaruka, inaandika mahali hapo kwenye ramani (hilo faili la .map), inasonga mbele. Umeme ukikatika au diski ikijizima, unarudia amri ileile na inaendelea ilipoishia. Mzunguko wa pili:

ddrescue -d -r3 /dev/sdb mama.img mama.map

Hapo ndipo inarudi kwenye yale mabaya na kuyabembeleza mara tatu. Angalia mara mbili kwamba sdb, jina la diski ndani ya Linux, ndiyo mgonjwa. Ukigeuza chanzo na mwisho, unaweza kumfuta mgonjwa.

Lakini @mwanagenzi_07 na wengine mnaopita hapa: hii ni kwa diski inayosoma polepole au yenye sekta mbovu. Inayogonga usiifanyie hivi. Kila saa ya ddrescue juu ya kichwa kibovu ni saa ya kuchuna.

#15 JichoLaPaka
Je, akitafuta diski kama hiyo akahamisha bodi ya kijani ya chini? Zamani tulikuwa tunafanya, dakika kumi tu.

#16 MzeeTarakimu
Zamani ndiyo. Siku hizi kila bodi ina chipu ndogo ya ROM yenye vipimo vya vichwa vya diski hiyohiyo, vilivyopimwa kiwandani. Bodi ya diski nyingine, hata ya toleo lilelile, haivijui vichwa vyako. Lazima ROM ihamishwe nayo.

Bodi inahusika zaidi pale diski inapokuwa kimya kabisa, haizunguki. Nilipewa moja ya mezani, mwenyewe aliichomeka adapta ya laptopu ya volti 19 kwenye tundu la volti 12. Pembeni ya bodi kuna daiodi za ulinzi, vitu vidogo vyeusi kama punje. Moja ilikuwa imejitoa mhanga, imeshikana pande zote mbili, ikazuia umeme kupita. Niliitoa kwa chuma cha kuchomelea, diski ikazunguka, nikanakili kila kitu usiku uleule kwa sababu ulinzi haukuwepo tena. Data zilikuwa salama, kilichokufa ni mlinzi wa mlangoni.

Na tahadhari kwa diski za nje: nyingine zinasimba data kwenye bodi yenyewe ya USB, hata kama hujaweka nywila yoyote. Ukiitoa diski kwenye ganda ukaichomeka kwenye tundu la SATA la ndani ya kompyuta utaona takataka tupu. Usitupe ganda.

#17 Nusu_Baiti
Mimi ndiyo maana nilihamia SSD, diski ya chipu tupu. Hakuna sahani, hakuna kichwa, hakuna tik.

#18 Fundi_Polepole
Hakuna tik, na hakuna onyo. Diski ya sahani mara nyingi inalalamika kabla ya kufa. SSD jioni inafanya kazi, asubuhi haipo hata kwenye BIOS (programu ya kuwashia kompyuta): kontrola, chipu inayoiongoza, imekufa. Pia ukifuta faili, amri ya TRIM inaiambia SSD kwamba nafasi hiyo haina kazi, nayo huisafisha yenyewe kimyakimya. PhotoRec ikifika inakuta sifuri.

Na usiitumie kama sanduku la kumbukumbu la kuweka kabatini. Kiwango cha JEDEC, shirika la viwango vya chipu, kwa SSD za kawaida, ikiwa imeshatumika hadi mwisho wa uandishi wake uliokadiriwa, ni kushika data mwaka 1 bila umeme kwa nyuzi joto 30. Ikiwa bado mpya inashika muda mrefu zaidi, lakini chaji inavuja tu.

#19 Kisanduku
Kwangu hili nimeshalimaliza. Nina diski mbili kwenye RAID 1, kila kitu kinaandikwa mara mbili. Moja ikifa, nyingine ipo. Bekapu imekwisha.

#20 MzeeTarakimu
Kisanduku, hapo hapana. RAID, tangu Patterson, Gibson na Katz walipoiandika Berkeley mwaka 1988, ni ya kuifanya mashine isisimame diski ikifa. Ukifuta folda kimakosa, imefutwa kwenye zote mbili papo hapo. Virusi vya kudai fidia vikiingia, vimefunga zote mbili.

Halafu hizo diski umezinunua lini? Siku moja, duka moja, toleo moja? Novemba 2019 kampuni ya kompyuta ya HPE ilitangaza kwamba baadhi ya SSD zake za seva zina kasoro ya fimwea: zikitimiza saa 32,768 za kuwashwa, zinakufa na data hazirudi. Fikiria seva yenye nane za hizo, zilizowashwa siku moja.

#21 Nusu_Baiti
Saa hizo ni kama miaka mitatu na robo tatu.

#22 mwanagenzi_07
Nimepiga hesabu: miaka 3, siku 270 na saa 8. Na 32,768 ni mbili kwa kipeo cha 15. Kaunta ya biti 16 yenye alama ya kujumlisha au kutoa inaishia 32,767. Wameisahau kaunta!

#23 MzeeTarakimu
Huyu mwanagenzi atatufundisha sisi.

#24 Kisanduku
Nimesoma #20 nikaenda kuangalia SMART, kumbukumbu ya afya ambayo diski hujiandikia, kipengele cha 9, saa za kuwashwa. Zote mbili: 26,114. Nambari ileile. Sikuwahi kufikiria kwamba zinazeeka pamoja kama mapacha. Nimeagiza ya tatu, ya kampuni nyingine, itakaa nje ya kisanduku.

Vipengele vingine vya kutazama ni vipi?

#25 BintiKebo
Cha 5, sekta zilizohamishwa. Cha 197, sekta zinazosubiri hukumu. Cha 198, zilizoshindikana. Vikipanda, nakili leo hii. Na cha 199, makosa ya mawasiliano, ambacho mara nyingi ni KEBO, Kaka Fundi.

#26 Fundi_Polepole
Nimekusikia dada, 199 ni yako. Ila msiiamini SMART kama nabii. Watafiti wa Google mwaka 2007 walichapisha matokeo ya diski zaidi ya 100,000: zaidi ya asilimia 36 ya zilizokufa hazikuwa zimeonyesha hesabu yoyote ya hitilafu, ukiacha joto.

#27 JichoLaPaka
Basi tuambiane bekapu inayofaa ni ipi. Mimi naweka kila kitu mtandaoni, sina diski hata moja.

#28 MzeeTarakimu
Mpiga picha Mmarekani Peter Krogh ndiye aliyeieneza ile ya 3-2-1: nakala tatu, aina mbili za hifadhi, moja iwe mahali pengine. Watu wanashika tatu na mbili, wanasahau ile moja. Tarehe 10 Machi 2021 jengo la seva la kampuni ya OVHcloud huko Strasbourg, Ufaransa, liliungua. Wapo wateja waliokuwa na bekapu, nayo ilikuwa kwenye eneo lilelile. Kwa hiyo mtandaoni ni sawa, JichoLaPaka, lakini usiwe nayo hiyo peke yake. Na usichanganye hifadhi na usawazishaji: ukifuta kwenye simu ikafutika na kule, hiyo ni RAID ya mbali.

Mimi nina kompyuta, diski ya nje ninayoichomeka Jumapili tu na kuichomoa, na nakala iliyosimbwa mtandaoni. Hiyo kuichomoa ndiyo siri. Virusi haviwezi kufunga diski iliyo kabatini.

#29 Kisanduku
Na kujaribu kurudisha. Tarehe 31 Januari 2017 mhandisi wa GitLab, kampuni ya mtandaoni ya kuhifadhi kazi za waandika programu, alifuta hifadhidata kwenye seva isiyo yenyewe. Walikuwa na njia tano za bekapu na nakala, na hakuna iliyokuwa inafanya kazi inavyotakiwa. Waliokolewa na nakala ambayo mmoja wao aliichukua kwa mkono takriban saa sita kabla. Kila mwezi mimi nachagua folda moja bila mpangilio, narudisha mahali pengine, nafungua mafaili. Mara mbili nimekuta mafaili ya ukubwa wa sifuri.

#30 Nusu_Baiti
Turudi kwa dada, tumemwacha mlangoni. Dada, usikate tamaa. Chombo cha anga cha Columbia kiliposambaratika mwaka 2003, kwenye mabaki waliokota diski ya Seagate ya MB 400 hivi, plastiki imeyeyuka, vumbi limeingia. Maabara ya Kroll Ontrack ilisafisha sahani, ikazihamishia kwenye mwili mpya, ikatoa takriban asilimia 99 ya data. Matokeo ya jaribio lililokuwemo yakachapishwa 2008.

#31 Fundi_Polepole
Hiyo ni kweli, na sababu mojawapo ni kwamba sahani zenyewe hazikuchunika pale palipoandikwa. Kwa hiyo bado nasema isiwashwe.

#32 BintiKebo
Na mimi bado nasema: mara moja tu, sekunde kumi, tundu la nyuma la kompyuta, kebo fupi nzuri, bila kigawanyio. Maabara ni gharama kubwa kwa kosa la waya.

#33 Tumbuizo
Nimesoma yote, mengine mara tatu. Asanteni.

Nakiri nilifuata la BintiKebo kabla Fundi hajanikataza tena. Sekunde kumi, tundu la nyuma, kebo ya jirani. Iligonga mara mbili badala ya mfululizo, ikaonekana ikiwa na jina lake, ikagonga tena. Nikachomoa. Sijui hilo linampa ushindi nani. Nimeifunga kwenye sponji ndani ya boksi, kesho inaenda maabara, na ganda lake pamoja.

Wakati nasubiri nimempigia dada yangu. Kumbe hadithi nne nilishamtumia WhatsApp, na hakuwahi kufuta mazungumzo yetu. Nimezisikiliza zote mpaka mwisho. Kwenye ya tatu mama anasimama katikati anauliza nani ameacha mlango wazi. Sasa zipo kwenye kompyuta, kwenye flashi niliyoichomoa, na kwa dada.

#34 Fundi_Polepole
Waambie maabara kwamba ilianguka, na kwamba ulibonyeza kurekebisha. Usiwafiche hata moja. Waombe waanze na folda ya mama, picha baadaye.

#35 BintiKebo
Kugonga kupungua kwa kebo nyingine, mimi nalihesabu.

#36 Fundi_Polepole
Kugonga kuendelea kwa kebo nzima, na mimi nalihesabu.

#37 MzeeTarakimu
Dada, hizo nne za WhatsApp ni .opus? Ziache hivyohivyo, usizibadilishe kuwa mp3, kila kubadilisha kunapunguza ubora wa sauti. Kama simu yake haifungui, tumia programu ya VLC.

#38 Tumbuizo
Ndiyo, .opus. Sijazigusa.